Mzee wa Miaka 20

Kila Jumatatu, kati ya saa sita na saa tisa mchana, napokea barua mbili kutoka nyumbani. Haziandikwi na Mama. Mama hupiga simu, anasema maneno matatu, kisha anakata kwa sababu mteja amefika. Barua hizi zinaandikwa na vijana wawili wa shati jeupe na tai ambao kwa karibu miezi mitatu sasa wanatembea kwa miguu kati ya Malaba na Amagoro, na siku nyingine wanapanda matatu hadi Busia na vijiji vya huko kama Rukala, wakihubiri. Mmoja ametoka Dar es Salaam, mwingine Utah. Hakuna aliyefika miaka 21. Wote wawili wanaitwa Mzee.

Hiyo ya Mzee si utani. Ni cheo. Mmisionari wa kiume wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho huitwa Elder kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha kanisa hilo Elder ni Mzee. Kwetu Malaba, Mzee ni mtu mwenye ng'ombe, ama angalau mwenye kesi ya shamba. Sasa fikiria kijana wa miaka 20, ndevu bado zinajadiliana kama zitoke, anabisha hodi na kujitambulisha kwamba yeye ni Mzee fulani. Mama alinieleza hiyo stori kwa simu mara mbili, na mara zote mbili hakuweza kuimaliza kwa kucheka.

Ni yeye aliyeniingiza kwenye hii orodha. Aliwaambia ana mtoto Nairobi ambaye ni mwandishi, akawapa barua-pepe yangu, wakaniongeza kati ya shangazi zao, walimu wao wa zamani na, nadhani, msichana mmoja Dar ambaye hujibu kwa wote kimakosa. Mimi si muumini wao. Wala sijui kama mimi ni muumini wa chochote. Lakini nalipwa, nikilipwa, kusoma vitu na kusema vinafanya nini, na baada ya Jumatatu kumi niligundua kwamba hakuna mtu mwingine anayeandika kuhusu nyumbani kwetu kila wiki. Hakuna gazeti linalofanya hivyo. Mpaka wetu huingia kwenye habari foleni ya malori ikirefuka au magendo yakishikwa, basi. Hawa wawili wanaandika hata wiki ambayo hakuna kilichotokea. Kwa hiyo nimeamua kuzisoma barua zao jinsi ningesoma kitabu. Nimewaomba ruhusa, wamekubali, mradi nisiwataje majina. Nitawaita wa Dar na wa Utah.

Kwanza, utanzu wenyewe.

Maisha ya mmisionari yamepangwa kama ratiba ya shule ya bweni. Kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, taa kuzimwa saa nne na nusu usiku. Wanaume wanahudumu miaka 2, wanawake miezi 18. Huwezi kuchagua utakapotumwa. Huwezi kutembea peke yako: una mwenzako, na mwenzako hukumchagua pia. Takriban kila wiki sita yanakuja mabadiliko, na unaweza kuambiwa ufunge begi. Siku moja tu katika wiki, ambayo kwa kawaida ni Jumatatu, ndiyo ya kufua, kununua chakula, kucheza mpira na kuandikia watu. Wanaiita siku ya maandalizi. Mpaka Februari 2019, mmisionari alipiga simu nyumbani Krismasi na Siku ya Akina Mama, na mengine yote yalipita kwa barua. Siku hizi wanaruhusiwa kupiga kila wiki. Ungedhani barua ingekufa. Haikufa, kwa sababu simu ni ya mama na barua ni ya umma.

Na kwa kuwa ni ya umma, ina kanuni. Nimezihesabu, ni tano. Salamu yenye alama nyingi za mshangao. Hesabu: watu wangapi wamefundishwa, nani amekubali tarehe ya ubatizo. Chakula cha ajabu cha wiki. Muujiza mmoja, hata mdogo, hata kama ni mvua kuacha kunyesha walipofika kituoni. Halafu ushuhuda, yaani aya ya mwisho inayosema kwamba yote haya ni kweli. Ukizisoma tatu unaweza kuandika ya nne.

Sisemi hivyo kwa dharau. Hizi barua zina ukoo mrefu huku kwetu. Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, akaandikia chama chake cha misheni Uingereza, na barua za watu kama yeye zilisomwa kwenye makanisa ili watu watoe sadaka. Askofu James Hannington alipita Mumias mwaka 1885 akielekea Buganda, akauawa Busoga, si mbali sana baada ya kuvuka pale tunapovuka sisi kwenda kununua ndizi. Shajara yake ilibaki, ikachapishwa. Kwa hiyo njia hii yetu imeandikwa na wamisionari kwa zaidi ya miaka 130, na kanuni ilikuwa ileile: mwandishi anasafiri, anateseka kidogo, Mungu anamsaidia, na wenyeji wanasimama kando ya barabara kama miti. Huwezi kumlaumu kijana wa Utah kwa kanuni aliyoikuta. Unaweza kumlaumu kwa jinsi anavyoitumia.

Sasa nije kwa Jumatano moja ya Aprili.

Siku hiyo ilinyesha mvua ile ya kwetu, ya kuanza saa nane kama mtu aliyeajiriwa. Vijana walikuwa kwa mama yangu. Jumatatu iliyofuata nilipata barua mbili kuhusu alasiri hiyo hiyo, nyumba hiyo hiyo, mwanamke huyo huyo. Mhakiki hapati zawadi kama hiyo kila siku.

Wa Utah aliandika kwa Kiingereza kwamba walikaribishwa katika nyumba ndogo ya matope na mwanamke mnyenyekevu ambaye hana chochote lakini aliwapa kila kitu. Akasema alijifunza shukrani. Akasema hatamsahau.

Manze, nilisimama. Nilisoma tena. Nyumba ya mama yangu ni ya matofali. Imepigwa plasta. Sakafu ni nyekundu na inapigwa polishi kila Jumamosi hadi unateleza. Huyo mwanamke asiye na chochote anauza mitumba Malaba, na nyuma ya nyumba ana vyumba vinne anavyowapangishia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka, na dereva akichelewesha kodi siku mbili, mlango unatolewa bawaba. Mnyenyekevu! Muulize mtu yeyote wa soko.

Nilimwandikia. Sikumtukana, lakini nilikuwa karibu. Akajibu siku saba baadaye, maana ni Jumatatu tu anaweza, akaomba msamaha kwa njia ambayo ilinifanya nijione mdogo. Alisema hakumbuki kuta. Anakumbuka matope, kwa sababu yalikuwa kwenye viatu vyake na alikuwa na aibu ya kuchafua sakafu, na alipokaa kuandika, neno matope lilikuja na nyumba ikaja nyuma yake.

Ninamwamini. Na hapo ndipo penye shida kubwa kuliko uongo. Hakudanganya. Alikuwa na kumbukumbu ya kweli, viatu vichafu kwenye sakafu safi, na kumbukumbu hiyo ilikuwa nzuri. Lakini utanzu ulikuwa na mahali palipotengwa kwa ajili ya nyumba ya Afrika, na mahali pale palikuwa pameshajengwa kwa udongo. Yeye aliweka tu mtu ndani.

Wa Dar hakuitaja nyumba kabisa. Kwa nini aitaje? Ni nyumba. Alichoandika, kwa Kiswahili kinachonitia aibu mimi niliyezaliwa mahali ambapo tunaunga sentensi kwa lugha nne, ni aya tatu kuhusu chupa ya chai.

Wao hawanywi chai. Wala kahawa, pombe au sigara. Ni sheria yao ya afya, wanaiita Neno la Hekima. Unaweza kuishi na hiyo sheria Utah bila kumkosea mtu. Jaribu kuishi nayo Kenya. Jaribu kuishi nayo kwa mama yangu. Aliandika kwamba aliingia, akasema shikamoo, na Mama, ambaye kama watu wengi wa bara la Kenya hajui ajibu nini, akasema asante. Kisha akaleta chupa, vikombe vitatu na mkate uliokatwa kona. Mwenzake akatabasamu na kusema hapana, asante, tena mapema, kabla kifuniko hakijafunguliwa. Yeye wa Dar hakuweza kusema haraka hivyo. Alijua anachokataa. Aliandika kwamba nyumbani kwao mgeni akikataa chai, anayebaki na aibu ni mwenye nyumba. Aliitazama ile chupa, na Mama akamtazama akiitazama. Kukawa kimya, mvua tu kwenye mabati. Halafu Mama akaibeba chupa, akaenda jikoni, akakaa muda mrefu kuliko inavyohitajika kurudisha chupa, na akarudi na uji wa wimbi.

Hiyo ndiyo aya bora zaidi niliyosoma kuhusu Malaba mwaka huu, na nimesoma chache kwa sababu ziko chache. Ina kitu ambacho barua ya mwenzake haina: ina gharama. Mtu anafanya jambo analoliamini na jambo hilo linamuumiza mtu mwingine, na anaona. Wa Utah hakuona kwa sababu kwake kukataa chai ni kukataa kinywaji.

Halafu aya ya nne ikaharibu kila kitu. Aliandika kwamba kwa njia hii Bwana alimfundisha kwamba utii huleta baraka, maana alipata uji. Jamaa! Uji haukuletwa na utii. Uliletwa na mama yangu, ambaye alisimama jikoni akiamua kama akasirike au asikasirike. Kanuni ya tano ilikuwa inamsubiri mwisho wa ukurasa, na akaipa alichokuwa nacho.

Ukitaka kuona kwa nini hili ni jambo zito, angalia jinsi wengine walivyosimulia stori hii hii kwa pesa nyingi.

Mwaka 2011, Broadway ilifungua mchezo wa muziki unaoitwa The Book of Mormon, wa Trey Parker na Matt Stone, wale wa South Park, pamoja na Robert Lopez. Ulishinda tuzo tisa za Tony. Vijana wawili Wamarekani wanatumwa Uganda. Mmoja alikuwa ameomba kupelekwa Orlando. Mwingine hajakisoma kitabu anachohubiri, kwa hiyo anachanganya na Star Wars, na wanakijiji wanamwamini. Sijauona jukwaani, nimeuona kwa rekodi ya wizi, kichwa cha mtu mrefu kikiziba nusu ya Uganda. Nilicheka. Nisidanganye, nilicheka sana. Ni mchezo uliotengenezwa na watu wanaojua kazi yao, na kejeli yake kwa vijana wanaodhani dunia inawasubiri ni kejeli ya haki. Kanisa lenyewe lilikuwa na busara ya kutoandamana. Lilinunua matangazo kwenye kijitabu cha mchezo likiwakaribisha watazamaji wasome kitabu chenyewe.

Lakini ili utani ufanye kazi, Uganda lazima ifutwe kwanza. Kijiji kile kina njaa, ukimwi na mbabe wa vita, na hakuna mwanakijiji mwenye kanisa lake la zamani la kurudi Jumapili. Sisi tuko Malaba. Kila mwisho wa Mei tunaona mahujaji kutoka bara la Kenya wakipita kwa miguu, rozari mkononi na soli zimeisha, kwenda Namugongo kwa sikukuu ya Juni 3 ya Mashahidi wa Uganda, wale vijana wa ikulu ya Kabaka waliouawa kati ya 1885 na 1887. Papa aliwatangaza watakatifu Wakatoliki 22 kati yao mwaka 1964. Nchi hiyo ina wafia dini wake, ina maaskofu wake, ina walokole wanaokupigia kipaza sauti hadi alfajiri. Mmisionari akifika pale hakuti ukurasa mtupu. Anakuta watu watakaobishana naye aya kwa aya hadi mvua iishe. Huo ndio utani halisi, na Broadway iliukosa.

Hata yule mbabe wa vita aliazimwa. Jina lake ni mzaha wa jina la utani la mpiganaji wa Liberia. Kutoka Monrovia hadi kaskazini mwa Uganda kuna bara zima, lakini ukiandika kutoka mbali, yote ni mtaa mmoja. Ni kosa lile lile la nyumba ya matope, isipokuwa hili lina okestra. Waigizaji weusi wa mchezo huo walilalamika kwa barua, na kabla haujarudi jukwaani Novemba 2021 waandishi waliukalia tena na kubadilisha sehemu ili wanakijiji wawe na akili zao. Ni vizuri. Lakini ona: ilichukua miaka kumi.

Liberia yenyewe ina filamu yake. Freetown, ya 2015, imeongozwa na Garrett Batty, muumini wa kanisa hilo, na ilipigwa Ghana. Inasimulia kisa cha kweli cha 1990: wamisionari vijana wa Kiliberia, wote Waafrika, wanaotoroka vita kwa gari dogo kwenda Sierra Leone. Muumini mwenyeji, Phillip Abubakar, anaendesha. Mmoja wa vijana ni Mkrahn, na waasi wanawawinda Wakrahn. Kila kizuizi barabarani ni swali moja: wewe ni nani?

Kama filamu, ina udhaifu wa Jumatatu. Miujiza inakuja kwa wakati, petroli inatosha, na ukishajua ni filamu ya nani unajua gari litafika. Lakini nilipoitazama usiku mmoja South B, nilisahau yote hayo kwenye vile vizuizi. Mtu yeyote Mkenya aliyekuwa na akili mwanzoni mwa 2008 anajua kizuizi ni nini. Anajua kitambulisho kinavyosomwa: jina la mwisho kwanza. Wale vijana wana beji nyeusi kifuani inayosema jina la ukoo na jina la Yesu, na anayeshika bunduki anataka kujua ni lipi kati ya hayo mawili lenye maana. Hakuna wimbo wa Broadway unaokaribia hapo. Na kilichowezesha hilo ni jambo dogo: Waafrika ndio wanaoamini, ndio wanaoogopa, ndio wanaofanya mzaha ndani ya gari. Hawajasimama kando ya barabara. Wako barabarani.

Kuna tarehe moja inayokaa chini ya haya yote. Mpaka Juni 1978, kanisa hilo halikumruhusu mwanamume mweusi kupewa ukuhani. Maana yake ni kwamba miaka michache tu kabla mama yangu hajazaliwa, kijana wa Dar hangeweza kuitwa Mzee popote duniani, hata akiwa na miaka 80. Nilimuuliza kuhusu hilo. Alijibu kwamba anajua, na kwamba analo jibu lake, lakini si jibu la Jumatatu. Nilitaka kumkaba, kisha nikaona amenipa tathmini kali ya barua zake kuliko yangu. Anajua utanzu wake hauna nafasi ya mambo fulani. Anajua kuna vitu vya siku nyingine.

Basi nikarudi kwenye barua, nikitafuta hizo siku nyingine, na zipo, kama vipande. Wa Dar aliwahi kuandika kuhusu daraja. Wao hawaruhusiwi kuvuka kwenda Uganda, maana ng'ambo ni misheni nyingine, ya Kampala, na eneo lako ni eneo lako. Kwa hiyo anasimama upande wetu na kuangalia watoto wa shule, wauza nyanya, wabadilishaji pesa na vilema wa baiskeli wakivuka mara nne kwa siku. Neno bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu huu, pale Busia, vijana wakiita border, border kuwabeba watu kwa baiskeli kati ya vituo viwili. Mji mzima umeishi kwa kuvuka, na yeye, aliyesafiri kutoka Dar, ndiye pekee asiyeweza kwenda hatua 200. Aliandika hayo kwa sentensi tatu, bila funzo. Nadhani alikuwa na haraka, bando linaisha. Mungu abariki bando linaloisha.

Wa Utah naye, nimtendee haki, ana jicho ambalo sisi tumelipoteza. Aliandika kuhusu foleni ya malori usiku: madereva wakipika ugali chini ya trela, redio za Kisomali, Kinyarwanda na Kiganda zikiongea zote pamoja, na mtu mmoja akinyoa ndevu kwa kioo cha pembeni cha lori. Nimekua na hiyo foleni. Nimefanya kazi za shule nikisikia hizo injini. Sijawahi kuandika kile kioo.

Nilimpigia Mama kumsomea barua zote mbili za ile Jumatano, nikimtafsiria ya Kiingereza.

Kwenye nyumba ya matope alicheka hadi akakohoa. Kwenye chupa ya chai alinyamaza.

"Huyo aliona," akasema.

Halafu akauliza: "Na ile ya kukataa wameandika?"

Sikujua anasema nini. Kumbe Jumatano ile ile, baada ya uji, wa Utah alimuuliza kama atakubali kubatizwa, na akamtajia tarehe. Na Mama akawaambia yeye alishabatizwa na padre akiwa na wiki tatu, maji yalikuwa baridi, na mara moja inatosha. Akawaambia wanakaribishwa kuja wakati wowote, lakini wasimwandike kwenye daftari lao la watu wa kubatizwa. Akawashika mkono wote wawili. Akawapa mwavuli.

Hakuna barua iliyokuwa na hayo. Ndiyo sentensi muhimu zaidi ya alasiri ile, iliyosemwa na mtu aliyekuwa na nafasi ya kusema ndiyo au hapana, na barua zote mbili ziliiruka. Sidhani walificha. Hapana haina chumba kwenye barua ya Jumatatu. Anayekubali anakuwa muujiza, asiyekubali anakuwa mwanamke mnyenyekevu aliyetoa uji. Na hili ndilo ningewaambia wote watatu, wa Dar, wa Utah na wa Broadway, kama wangekuwa kwenye meza moja: mtu wa hapa anaanza kuonekana pale anapokataa. Mchezo ule ulihitaji wanakijiji wanaoamini chochote. Barua inahitaji wanaoamini kitu kimoja. Mama yangu hafai kwa yeyote kati yao.

"Sasa Mama, kama umekataa, mbona unawaruhusu kila wiki?"

"Wanakuja," akasema.

Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Kulikuwa na mteja.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa sababu za karo na nyingine ambazo si za karo, na tangu siku hiyo nimekuwa na kazi nyingi sana Nairobi za kunizuia kupanda basi la Malaba. Wa Dar pia alikatiza masomo, lakini yeye aliaga. Nafasi yake inamngoja. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa South B, miezi 14 bila kukanyaga ile sakafu nyekundu, nikiwasahihisha watu wawili wanaoikanyaga kila Jumatano. Uhakiki wangu uko sawa. Bado nausimamia: ni matofali, siyo udongo. Lakini neno "wanakuja" ni uhakiki pia, na haukuwa wa barua zao.

Niliwaandikia wote wawili kuhusu ile hapana. Wa Utah alinishukuru, akasema ataifikiria. Wa Dar hakujibu. Lakini wiki mbili baadaye, katikati ya barua, baada ya hesabu na kabla ya muujiza, aliandika kwamba kuna mama mmoja Malaba aliyewaambia hapana, wazi, na kuwashika mkono, na kwamba wao bado wanaenda Jumatano, siku hizi wanamsaidia kupanga mabalo ya mitumba. Aliandika kwamba hajui aiweke wapi hiyo, kwa sababu hakuna safu yake kwenye ripoti. Hakuongeza funzo. Barua iliisha pale pale, na ushuhuda haukuwepo. Ni barua ya aya mbili na nusu, haina salamu nzuri, na ndiyo pekee kati ya zote ambayo ningeipeleka kwa mhariri bila kugusa koma.

Ilikuwa ya mwisho kutoka Malaba. Mabadiliko yalikuja, akafunga begi, na sasa anaandika kutoka mji mwingine ambao siujui, na barua zimerudi kwenye kanuni zake tano. Labda inachukua muda kujua mahali. Wa Utah amebaki, na amepata mwenzake mpya, Mganda, ambaye hajaniweka kwenye orodha yake.

Jumatano iliyopita Mama alipiga. Akataka kujua kama huyo mpya naye ni wa wale wale.

Nikamwambia ndiyo, hanywi chai.

"Hilo najua," akasema. "Nauliza kama kwao wanaweka limau kwenye uji."